Udogo Hautoki Katika Mbegu

Mhadhara juu ya kuotesha miti ya bonsai, uliotolewa Mlingotini, Bagamoyo



Nimekuja kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo, kwa mtu wa pwani aliyezoea kuuhesabu mti kuwa ni boriti, ni dau, ni kuni au ni kivuli, huenda likaonekana kuwa ni mchezo wa watu wenye wasaa mwingi: jambo la kuatika mbegu ya mti mkubwa na kuulea mti huo, mwaka baada ya mwaka, ndani ya chungu kisichozidi bunguu la kulia wali, hata ukapata shina nene, gome lililopasukapasuka na matawi yaliyotandaa kama ya mti wa msituni, ilhali kimo chake hakipiti dhiraa moja. Sanaa hiyo, ambayo asili yake ni China, na ambayo Wajapani waliipokea na kuistawisha kwa karne nyingi hata dunia ikaijua kwa jina waliloipa wao, huitwa bonsai. Nia yangu leo si kuwasimulia habari za Japani. Nia yangu ni kuonyesha kwamba mtu wa Mlingotini anayo yote yanayohitajika kwa sanaa hiyo, kuanzia mbegu hadi mchanga, na kwamba neno moja tu ndilo litakalomfaulisha au kumkwamisha, yaani kujua udogo wa mti huo unatoka wapi.

Swali la kwanza aulizwalo mtu yeyote anayeshughulika na miti hii ni hili: mbegu za bonsai zinapatikana wapi? Jawabu ni kwamba hazipatikani popote, kwa sababu hazipo. Vipakiti viuzwavyo kwa jina hilo, vyenye picha ya mti mdogo uliopinda kwa madaha, vina mbegu za misonobari au za miti mingine ya kawaida, ambazo zikipandwa shambani zitatoa miti ya kawaida yenye kimo cha kawaida. Hata mbegu iliyookotwa chini ya mti uliokaa chunguni miaka mia, kama mti huo umejaliwa kuzaa, ikitiwa ardhini itatoa mti mkubwa kama wa jamaa zake wote. Basi udogo hautoki katika mbegu. Ni kazi ya mahali, ya mkono na ya muda. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na yatakayofuata ni ithibati zake na mashauri yanayotokana nazo.

Ithibati ya kwanza haiko mbali na hapa tulipokaa. Tazameni mchu, mmojawapo wa miti ya jamii ya mikoko inayoota katika ufuo wa ghuba yetu na katika vijito vya mwambao huu mzima. Kando ya kijito, mahali ambapo maji hujaa na kupwa kila siku na tope ni jingi, mchu ni mti wa haja, wenye shina la kukumbatiwa na kivuli cha kukaliwa. Lakini nendeni nyuma, upande wa bara, kwenye uwanda wa chumvi ambao bahari huufikia wakati wa bamvua peke yake na jua hukausha maji na kuacha chumvi tupu, mtaukuta mchu huo huo, wenye jani lile lile na ua lile lile, umekuwa kijiti kisichovuka kiuno cha mtu mzima, umekakamaa na kujikunja, nao si mtoto hata kidogo, kwani huenda ukawa na umri sawa na ule mrefu wa kijitoni. Mbegu zao huchukuliwa na maji yale yale na kutupwa huku na huku bila ya kuchaguliwa. Iliyoangukia topeni ikawa mti, na iliyoangukia chumvini ikawa kijiti; wala hakuna aliyeiambia mapema itakuwa nini.

Ithibati ya pili imo katika magofu. Kaole, jirani zetu, pana msikiti ambao wataalamu wa mambo ya kale huuhesabu kuwa ni wa karne ya 13, na pana makaburi yenye nguzo yaliyochunguzwa na Neville Chittick mwaka 1958. Yeyote aliyepita katika magofu ya pwani hii kabla hayajafyekwa anajua jinsi miti ya jamii ya mikuyu inavyoota katika nyufa za kuta, mbegu ikiwa imeletwa na ndege pamoja na kinyesi chake, ikashika katika chokaa na mawe ya matumbawe mahali pasipo na udongo wa kujaza kiganja. Mti wa namna hiyo huweza kukaa miaka mingi ukiwa na majani machache na shina lililonenepa kuliko kimo chake, mpaka siku mzizi wake mmoja utakapoteremka ukutani na kuigusa ardhi. Hapo ndipo hukua kwa haraka, ukapasua ukuta uliouhifadhi. Maumbile yenyewe, basi, yamefanya bonsai Kaole na Bagamoyo bila ya kufundishwa na mtu, na yametuonyesha vilevile kwamba udogo huo hudumu kwa kadiri mizizi inavyozuiliwa, wala haudumu siku moja zaidi.

Maadamu mbegu yoyote ya mti yaweza kulelewa hivyo, iliyobaki ni kuchagua iliyo afadhali, na kwa kuchagua nataja masharti matatu. La kwanza, jani liwe dogo kwa tabia yake, au liwe limegawanyika vijani vidogo, kwa sababu jani hukubali kupungua kidogo mti ukipogolewa mara kwa mara, lakini ua na tunda havikubali kabisa. Mwembe uliotiwa chunguni, ukijaliwa kuzaa, utazaa embe la ukubwa wake wa siku zote, na jani lake refu litaufunika mti mzima usionekane. La pili, mti uwe na desturi ya kuchipua upya ukikatwa. La tatu, gome lake lizeeke mapema.

Kwa masharti hayo sioni katika pwani hii mti unaoshinda mkwaju. Vijani vyake ni vidogo, vimepangwa viwili viwili katika kikonyo, navyo hufumba usiku na kufumbua asubuhi. Gome lake hupasuka na kuwa na rangi ya kijivu ungali mche. Na ukikatwa huchipua bila ya manung'uniko. Baada yake nautaja mpingo, ambao una miiba na haraka hauijui, kwani mpingo wa kuchongea vinyago au kufanyia zumari za Ulaya huhitaji miaka sabini na zaidi ardhini, lakini mbegu zake mbichi huota bila ya matata na matawi yake hujipinda kwa namna inayopendeza macho. Tena upo mbuyu, ambao una hukumu zake peke yake, nami nitaurudia. Ama mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya miguu mirefu, naushauri uachwe baharini: mtoto wake huota ungali umening'inia juu ya mama, hauwekeki ghalani, na fauka ya hayo tawi lake likikatwa chini ya majani yake ya mwisho halichipui tena, tofauti na mchu ambao hukatwa na kurudi. Mtu atakayeupogoa mkoko kama apogoavyo mkwaju atabaki na kijiti kikavu.

Sasa nije kwenye kuotesha. Mbegu ya mkwaju ina ganda gumu linalong'aa, lililokusudiwa kukaa chini muda mrefu likingoja mvua ya kutosha. Maji hayapenyi upesi. Chukua mbegu za ukwaju mkavu ulioiva mtini, wala si zile zilizochemshwa pamoja na ukwaju wa kutia katika mchuzi, kwa kuwa hizo zimekwisha kufa. Ziparuze kwa msasa au kwa tupa upande mmoja, mbali na kile kidoa ambacho ndipo kitovu chake, mpaka rangi ya ndani iliyofifia ianze kuonekana, kisha uziloweke usiku kucha. Asubuhi zilizovimba ni za kuatikwa, na ambazo hazikuvimba ziparuzwe tena. Zifukiwe kwa kina kisichozidi mara mbili ya unene wa mbegu yenyewe, katika mchanga mchanganyiko na mboji kidogo, na katika muda wa wiki moja hadi mbili nyingi zitakuwa zimetokeza. Wakati ulio bora ni mwanzo wa vuli, joto likiwa limerudi. Kipupwe, upepo wa kusi ukivuma kwa baridi yake, mbegu hukawia na nyingine huoza.

Mbegu ya mbuyu ni ngumu zaidi, nayo msituni hungoja kupita katika tumbo la tembo au la nyani kabla haijakubali kuota. Sisi twaweza kuimiminia maji ya moto yaliyoepuliwa jikoni na kuiacha humo hata yapoe na siku ipite, au kuipasua ganda kidogo kwa ncha ya kisu. Hapa napo mtoto aliyenunua ubuyu wa rangi asipande kokwa alizobakiwa nazo mdomoni akitarajia muujiza, maana ubuyu huo umepikwa kwa sukari. Husemwa kwamba hata mbuyu ulianza kama mchicha, na wengi hudhani kwamba msemo huo unahusu udogo tu. Kumbe una ukweli mwingine wa bustanini, kwa kuwa mche wa mbuyu hutoa kwanza majani mamoja mamoja yasiyo na vidole, yasiyofanana na ya mama yake hata kidogo, na watu wengi waliopanda mbegu hizo wameing'oa miche yao wenyewe pamoja na magugu.

Adui mkubwa wa miche katika siku zake za mwanzo ni kinyaushi, yaani ule ukungu unaokula shingo ya mche mahali unapotokea ardhini, ukaanguka ungali kijani. Huletwa na maji mengi, udongo uliofumbata na msongamano. Mama anayemwagia miche asubuhi, adhuhuri na jioni kwa huruma huiua zaidi kuliko yule aisahauye siku moja.

Mche ukishapata majani ya kweli manne au matano, unang'olewa kwa uangalifu na mzizi wake mkuu, ule unaoteremka wima, unakatwa kiasi cha theluthi au nusu. Kazi hii huwatisha wanaoanza, lakini ndiyo msingi wa yote: mzizi mkuu ukiachwa utaingia chini kama mambo, na mti wake hautakaa kamwe katika chungu kifupi; ukikatwa mapema, mizizi ya ubavuni hutoka pande zote na kuushika udongo kwa usawa. Methali ya samaki na ubichi wake haikutungwa kwa ajili ya malezi ya watoto peke yake.

Na sasa nafika mahali ambapo wengi hupotea, kwa sababu ya kuamini kwamba mti mdogo huanza katika chungu kidogo. Mche ukitiwa chunguni tangu siku yake ya kwanza utaishi, lakini utabaki mche: baada ya miaka kumi utakuwa na shina la unene wa penseli, na hakuna atakayeutazama akaona mti mzee. Shina hunenepa kwa kazi ya majani, na majani hayawi mengi pasipo mizizi mingi. Kwa hiyo atakaye mti mdogo sharti auache kwanza uwe mkubwa. Naupandwe ardhini, juu ya kigae au jiwe bapa lililofukiwa kina kifupi ili mizizi itandae isiteremke, ukae huko miaka mitatu, minne, hata mitano, na tawi moja au mawili ya chini yaachwe yarefuke yapendavyo, kwani hayo ndiyo yanayounenepesha mguu wa mti, nayo yatakatwa kazi yao ikiisha. Kisha, masika yanapokaribia, shina likatwe chini, karibu na tawi litakaloshika nafasi ya kilele. Kilele kipya nacho kikinenepa kikatwe tena juu kidogo, na kwa kukata huko mara kadhaa shina hupata unene chini na wembamba juu, ambao ndio dalili ya uzee machoni pa watu. Siri yake ni kwamba ncha ya mti hutoa kitu kiitwacho oksini ambacho huteremka na kuvizuia vichipukizi vya chini visiamke. Ncha ikiondolewa, vyote huamka, na mtunza bustani hupata matawi ya kuchagua.

Kuhusu kuyapinda matawi, watu wa sanaa hii hutumia waya wa shaba au wa alumini, unaozungushwa tawini kwa mshazari na kukunjwa pamoja nalo. Kanuni yake moja ni kuutazama waya mara kwa mara na kuukata kabla haujazama katika gome. Atakaye kujua kwa nini na aende Bagamoyo, katika misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868, akautazame mbuyu ulio karibu na kanisa: husimuliwa kwamba zamani alifungwa punda hapo kwa mnyororo, mnyororo ukasahauliwa, na mti ukaendelea kunenepa mpaka ukaumeza chuma, kikabaki kipande kilichochomoza nje ya shina. Mbuyu mkubwa huvumilia jeraha la namna hiyo, na wageni hulipiga picha. Tawi la unene wa kidole halivumilii. Kovu la waya huonekana humo muda wote wa uhai wake, na kuusahau waya miezi michache ya mvua kunatosha.

Ndipo sasa mti huhamia chunguni. Mizizi yake hupunguzwa, na siku hiyo hiyo majani nayo hupunguzwa kwa kadiri ile ile, kama nahodha apunguzavyo tanga mlingoti ukiwa umelegea. Aliyekata mizizi akabakiza majani yote ataukuta mti umenyauka kabla ya Ijumaa ya pili. Mbuyu peke yake una shuruti zaidi: ukatwe mizizi wakati wa kiangazi, ukiwa umepukutisha majani, na kidonda chake kiachwe kikauke kivulini siku kadhaa kabla ya kufukiwa, kwa kuwa mzizi wake umejaa maji na huoza upesi, tena usinyweshwe mpaka macho yake yaanze kufumbuka.

Chungu kiwe na matundu, na udongo uwe wa chenga: vipande vya matofali au vigae vilivyopondwa, mchanga wa mtoni kama ule wa Ruvu, na samadi iliyooza kiasi kidogo. Mchanga wa ufukweni una chumvi na vumbi la makome, usitumiwe. Hali kadhalika maji ya visima vilivyo karibu na bahari, ambayo sisi huyanywa kwa dhiki, hujikusanyia chumvi katika chungu kidogo siku baada ya siku hata ncha za majani zikaungua. Afadhali maji ya mvua yaliyokingwa. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali, chungu kifupi huweza kuhitaji maji kila siku, na hiyo ndiyo gharama ya kweli ya bonsai: haina likizo.

Najua kwamba baadhi yenu mnalo swali la huruma: je, si dhuluma kuunyima mti ukubwa uliojaliwa na Muumba? Ningekubali kama mti huo ungeishi kwa njaa, lakini sivyo. Mti wa chunguni hulishwa, hunyweshwa na hubadilishiwa udongo, na siha yake hushinda ya mingi iliyoachwa. Upo Marekani, katika jumba la bonsai la mjini Washington, msonobari mweupe ambao malezi yake ya chunguni huhesabiwa tangu mwaka 1625. Ulikuwa Hiroshima, nyumbani kwa ukoo wa Yamaki, bomu lilipoangushwa tarehe 6 Agosti 1945, ukasalimika, na mwaka 1976 Masaru Yamaki akautoa zawadi kwa taifa lile lile lililoangusha bomu. Kiumbe kilichodhulumiwa hakidumu karne nne mikononi mwa wanaokidhulumu.

Swali la pili ni la faida, nalo ni la haki katika kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani. Sitawaahidi utajiri. Nasema tu kwamba atakayejifunza kuamsha mbegu ngumu, kukinga miche na kinyaushi na kukata mzizi bila ya kuua, amejifunza kazi nzima ya kitalu, na maarifa hayo hayo ndiyo yatakayootesha mpingo wa kurudishia msitu na mkwaju wa kivuli cha shule. Tena njia ya mbegu ina insafu ambayo njia nyingine hazina. Wapo wapendao mkato, wanaokwenda kung'oa kijiti cha mchu kilichozeeka katika uwanda wa chumvi ili kukitia chunguni. Watu hao wanavunja sheria, kwani mikoko ya nchi hii ni hifadhi ya serikali, na aghalabu wanaua walichokiiba, kwa sababu mti uliozoea dhiki moja haukubali nyingine kwa ghafla. Aliyeanza na mbegu hakumpunguzia mtu wala msitu kitu chochote.

Kwa hayo natoa shauri moja, hasa kwa walimu. Ukwaju mmoja una mbegu kadhaa. Vuli ijayo, kila darasa lichukue mbegu mbili za ganda moja, liziparuze, liziloweke na kuziatika siku moja. Moja ipandwe uwanjani, iachwe kwa mvua na kwa Mungu. Ya pili ipitishwe njia yote niliyoieleza, ya mzizi, ya ardhi juu ya kigae, ya kisu na ya chungu. Majina ya wanafunzi yaandikwe, na kila mwaka vimo viwili vipimwe na kuandikwa katika daftari litakalorithiwa na darasa linalofuata. Watoto watakaolifungua daftari hilo baada ya miaka ishirini watakuwa na mti wa kukalia chini yake na mti wa kuweka juu ya meza ya mwalimu, na hapatakuwa na haja ya mhadhiri kuja kuwaambia kwamba mbegu zilikuwa ndugu.